Kuuza nyumba chakavu kama ilivyo, bila kuikarabati: tujadili kwa kina

Tofali la Kona (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Mtu ana nyumba iliyochakaa, paa linavuja, dari imeshuka, mabomba yana kutu. Anataka kuuza. Kila anayemuuliza anamjibu, "Karabati kwanza ndipo uuze." Kazi yangu ni udalali wa nyumba, na ushauri huo nimeona ukiwaingiza watu kwenye madeni ambayo bei ya nyumba haikuja kuyalipa. Nimeona nilete uzi huu tulizungumze jambo hili kwa hesabu.

Msimamo wangu ni kwamba nyumba chakavu inauzika kama ilivyo, na kwa wauzaji wengi ndiyo njia yenye unafuu. Ila ujue ubovu wake unagharimu kiasi gani, na usimfiche mnunuzi kitu chochote unachokijua. Ukikosa la kwanza utauza kwa bei ya kutupa. Ukikosa la pili utafuatwa mahakamani hela ukiwa umeshaitumia.

Ukarabati wa kabla ya kuuza una tatizo moja ambalo watu hawalioni mpaka wawe katikati yake: nyumba mbovu haina gharama inayojulikana mpaka uifungue. Fundi anapanda kubadilisha mabati machache, anakuta kenchi zimeoza. Anabandua plasta iliyovimba, anakuta bomba linavuja ndani ya ukuta. Ulipanga kutumia kiasi fulani, sasa unatakiwa mara mbili yake, na huwezi kuacha njiani kwa sababu nyumba isiyo na paa ni mbaya kuliko ile yenye paa linalovuja. Wakati huo mnunuzi wako hajulikani ni nani. Unaweka vigae vya rangi uipendayo wewe, anakuja mtu aliyetaka kuvunja ukuta huo huo ili apanue sebule. Vigae vyako havimwongezei kitu.

Sasa hesabu. Tuseme nyumba kama yako, ikiwa nzima, katika eneo hilo hilo, inauzwa 100. Iwe 100 ya sarafu yoyote. Umeita mafundi wawili wasiojuana, kila mmoja akaandika makadirio, yakakaribiana kwenye 25. Mnunuzi atakuwa na gharama zake: wakili, usajili, kodi, riba kama amekopa, ulinzi wakati wa ujenzi. Weka 8. Akiwa ni mfanyabiashara anayenunua ili atengeneze na kuuza tena, anataka faida ya kufidia hatari anayoibeba, weka 15. Kwa hiyo mfanyabiashara hatavuka 52, na wengi wataanza chini ya hapo. Marekani watu wa biashara hii wana kanuni yao ya haraka: asilimia 70 ya bei ya nyumba ikishatengenezwa, ukitoa gharama za matengenezo. Kwa nyumba yetu ni 70 kutoa 25, yaani 45.

Mtu anayenunua ili aishi hana haja ya ile faida ya 15. Akiipata nyumba kwa 65, akatumia 25 na gharama zake 8, anakuwa na nyumba ya thamani ya 100 kwa 98, tena imetengenezwa anavyotaka yeye. Pengo kati ya 45 na 65 ni kubwa mno, na halikutokana na ukarabati wowote. Limetokana na kumpata mnunuzi anayefaa. Ndiyo maana nikipewa nyumba chakavu, hangaiko langu la kwanza huwa ni kumtafuta mtu wa kuishi mwenye moyo wa kutengeneza. Wenye hela taslimu wanaopiga simu siku ya kwanza nawapa nafasi ya pili.

Kuna na namba ya tatu, ambayo ni sakafu ya bei: thamani ya kiwanja kitupu, ukitoa gharama ya kubomoa na kuondoa kifusi. Kama nyumba imeharibika kiasi kwamba bei yake ya "kama ilivyo" inashuka chini ya hapo, basi unauza kiwanja, na tangazo liseme hivyo. Wajenzi wapya watakuja, na hawa hawajali dari wala milango.

Kutokarabati si kuitelekeza. Ondoa takataka na samani zilizokufa, fyeka majani, fungua madirisha siku nzima kabla ya watu kuja, zibua gata. Hakikisha maji na umeme vipo ikiwa ni salama kuviwasha, kwa sababu mnunuzi asipoweza kujaribu bomba atadhani mabomba yote yamekufa, na atalikata hilo kwenye bei. Waya ulio wazi ufungwe, shimo lisilo na mfuniko lifunikwe, kipande cha dari kinachoning'inia kiteremshwe. Mgeni akiumia kwenye nyumba yako hilo ni deni jingine. Na kama nyumba imebaki tupu, soma mkataba wako wa bima: bima nyingi hupunguza au kuondoa kinga nyumba ikikaa bila mtu kwa siku 30 hadi 60.

Karibuni tuchangie. Mafundi na wanasheria wa humu, uzi huu unawahitaji.

---

Mrithi Mkubwa

Asante mkuu kwa uzi. Mimi jambo hili lipo mlangoni kwangu. Nyumba ya marehemu mzee imekaa muda mrefu bila mtu. Wadogo zangu wawili wanataka tuchange tukarabati, mimi na dada tunataka tuuze hivyo hivyo. Tunaanzia wapi?

---

Tofali la Kona (mleta uzi)

Pole kwa msiba, mkuu. Anzeni na makaratasi, tena kabla hata ya kubishana kuhusu paa. Hati bado ina jina la mzee? Usimamizi wa mirathi umeshathibitishwa na mahakama? Warithi wote watasaini? Yapo maongezeko yaliyojengwa nje ya ramani iliyoidhinishwa? Kodi za ardhi zimelipwa? Mnunuzi wa nyumba chakavu amejiandaa kwa ukuta wenye ufa. Kwa hati yenye mgogoro hajajiandaa, na hapo ndipo biashara nyingi zinapofia. Kama kuna mahali pa kutumia hela kabla ya kuuza, ni hapo.

Kuhusu kuchanga, kaeni wote na ile hesabu ya 100. Makadirio ya mafundi yakiwa mezani, waulizeni wadogo zenu swali moja kwa heshima: kila mmoja yuko tayari kutoa kiasi gani leo, na ikizidi nani ataongeza? Ubishi mwingi wa ndugu ni kwa sababu hakuna aliyeona namba. Mkishaziona, anayetaka kweli kukarabati anaweza kuwanunua wenzake kwa bei ya "kama ilivyo", nyumba ikabaki kwenye familia. Hilo nalo ni mauzo halali.

---

Kipimamaji

Fundi uashi nipo. Mleta uzi amesema vizuri, niongeze kwenye kujua ubovu, maana wauzaji wengi wanauza wakiwa gizani, wanapunguziwa bei kubwa kwa kasoro ndogo.

Nyufa ndizo zinaogopesha watu kuliko zote, na nyingi hazina maana. Nchini Uingereza taasisi ya utafiti wa majengo, BRE, ilipanga nyufa kwa upana na watu wa kazi yetu wanalitumia jedwali hilo mpaka leo: mpaka milimita 1 ni jambo dogo sana, mpaka 5 ni dogo la kuziba na kupaka rangi, 5 hadi 15 ni la wastani, 15 hadi 25 ni kubwa, zaidi ya 25 jengo liko kwenye hatari. Nyufa nyembamba kama nywele zilizotapakaa kwenye plasta ni plasta kukauka. Ufa unaoanzia pembe ya dirisha ukapanda kwa mshazari, au unaopita kama ngazi kwenye maungio ya matofali, tena mpana juu kuliko chini, huo unasema msingi umecheza. Hata hivyo swali kuu ni kama ufa bado unatembea. Piga mstari wa penseli kila mwisho wa ufa, andika tarehe, pima upana kila mwezi. Ukiweza kumwonyesha mnunuzi kwamba ufa haujasogea kwa misimu miwili, mvua na kiangazi, umemwondolea hofu ambayo angeikata kwenye bei yako.

Unyevu nao una aina zake. Unaopanda kutoka ardhini kwa kawaida hauvuki mita 1 hivi kutoka sakafuni, na unaacha ukungu wa chumvi nyeupe. Wa kutoka juu una doa lenye mduara wa kahawia darini. Na kuna unyevu ambao chanzo chake ni udongo wa bustani uliorundikwa ukutani mpaka ukapita usawa wa sakafu ya ndani. Huo unaondolewa na koleo. Jirani yangu wa kazi alikuta muuzaji ameshakubali punguzo kubwa kwa "ukuta ulioliwa na maji", kumbe ni gata lililoziba na kumwaga sehemu moja kila mvua inaponyesha.

Mchwa: tafuta vijia vya udongo ukutani na kwenye msingi, gonga mbao za fremu na kenchi kwa mpini wa bisibisi. Mbao iliyoliwa inatoa sauti tupu.

Paa la asbesto usiliguse. Usikate, usitoboe, usilisugue kwa brashi ya waya ili lipendeze kwenye picha. Uingereza iliipiga marufuku asbesto yote 1999 na Umoja wa Ulaya 2005, kwa sababu vumbi lake likiingia mapafuni linaleta saratani miaka mingi baadaye. Ikiwa imetulia na haijavunjika, iache ilivyo, mwambie mnunuzi ipo, na gharama ya watu wenye vifaa vya kuiondoa iwekwe kwenye makadirio.

---

Rangi Mbili

Naheshimu michango, ila sikubaliani kabisa. Watu wananunua kwa macho. Ukipiga rangi nyumba nzima, ukaziba nyufa, ukabadilisha vitasa, bei inapanda kuliko gharama ya rangi. Nimeshuhudia. Kwa nini mtu auze nyumba inayotia huruma wakati kopo chache za rangi zinaibadilisha?

---

Kipimamaji

Mkuu Rangi Mbili, nyumba nzima ambayo rangi yake tu imefifia, nakubaliana na wewe kwa asilimia zote. Hiyo haiko kwenye uzi huu. Hapa tunazungumzia nyumba yenye ubovu wa ndani. Rangi juu ya ukuta wenye unyevu inavimba na kubanduka baada ya muda mfupi, na mnunuzi akija na fundi, kitu cha kwanza fundi anachoshuku ni chumba kimoja kilichopakwa rangi mpya katika nyumba ya zamani. Mimi nikiitwa kukagua, rangi mbichi ndiyo inayonielekeza pa kupima. Kwa hiyo umetumia hela, na umepoteza kuaminika.

---

Wino wa Bluu

Niingie hapo hapo kisheria, kwa sababu rangi ya Mkuu Rangi Mbili inaweza kugeuka ushahidi.

Zamani kanuni iliyotawala katika nchi nyingi ni mnunuzi ajiangalie mwenyewe. Bado ina nguvu kwa kasoro zinazoonekana. Kwa kasoro zilizojificha ambazo muuzaji anazijua, mahakama zimesogea mbali nayo. Mfano ambao wanasheria wanaufahamu ni wa Florida, Marekani, mwaka 1985. Wanunuzi waliona plasta imebanduka karibu na dirisha na madoa darini, wakauliza. Wakajibiwa kwamba dirisha lilikuwa na hitilafu ndogo iliyokwisha rekebishwa, na madoa ni ya gundi na kazi ya mbao za dari. Wakaongeza malipo ya awali. Mvua kubwa ikanyesha kabla ya kukabidhiana, maji yakaingia ndani kwa nguvu. Mahakama ya Juu ya jimbo hilo ikasema muuzaji anayejua kasoro inayoathiri thamani, ambayo mnunuzi hawezi kuiona kirahisi, ana wajibu wa kuisema. Mauzo yakavunjwa, wakarudishiwa hela zao.

Kabla yake, mwaka 1960, katika jimbo la Washington, wauzaji wa jengo la kupangisha walijua lina mchwa. Walikuwa wameshatibu na kutengeneza kiasi, wakanyamaza. Wakashindwa kesi. Hebu tazameni: walikuwa wamekarabati, na bado wakawajibika, kwa sababu ukarabati wa nusu ulificha tatizo bila kuliondoa.

Ufaransa sheria yao ya madai, kifungu cha 1641, inamfanya muuzaji adhamini kasoro zilizojificha. Kifungu cha 1643 kinamruhusu kujitoa kwenye dhamana hiyo kwa maandishi, lakini kwa kasoro asizozijua tu. Na Marekani, kwa nyumba iliyojengwa kabla ya 1978, mwaka rangi yenye madini ya risasi ilipokatazwa kwenye nyumba za makazi, muuzaji anatakiwa kueleza anachojua kuhusu rangi hiyo kabla ya kusaini.

Kila nchi ina sheria yake, kwa hiyo muone wakili wa mahali nyumba ilipo. Lakini maneno "inauzwa kama ilivyo" kwa kawaida yanakulinda dhidi ya malalamiko ya ubovu. Dhidi ya uongo wako hayakulindi. Kinachokulinda ni orodha: paa linavuja chumba cha nyuma, ufa wa milimita kadhaa ukuta wa kushoto, mchwa uliwahi kuonekana stoo, waya ni za tangu nyumba ijengwe. Orodha iambatanishwe na mkataba, mnunuzi asaini kila ukurasa, na kifungu kiseme amepewa nafasi ya kukagua na mtaalamu wake. Mtu aliyesaini kwamba anajua paa linavuja hana kesi ya paa kuvuja.

---

Rangi Mbili

Mkuu Wino, hapo umenifungua. Ila orodha ndefu hivyo si itamkimbiza kila mtu?

---

Funguo Mpya

Niseme kama mnunuzi, maana nyumba ninayoishi niliinunua ikiwa chakavu. Nilikuwa nimeangalia nyingine ambayo muuzaji kila nikiuliza ananijibu "hiyo ni kitu kidogo tu". Sikuweza kuamini hata yale mazuri aliyoniambia. Huyu niliyenunua kwake alinipa karatasi za makadirio ya mafundi wawili pamoja na orodha ya matatizo, akanipa na ngazi nipande darini mwenyewe. Nilijua ninanunua nini. Sikushusha bei sana kwa sababu sikuwa na cha kukisia. Mtu asiyejua gharama anakadiria kubwa zaidi ili asije akaumia, na yeyote angefanya hivyo.

---

Tofali la Kona (mleta uzi)

Funguo Mpya ameniondolea maneno. Orodha inawakimbiza wale ambao wangekimbia baada ya ukaguzi, baada ya kukupotezea muda na nyumba ikiwa imeshatolewa sokoni. Hao waondoke mapema. Hata kwenye picha za tangazo weka sehemu mbovu. Atakayepiga simu baada ya kuziona ni mnunuzi kweli.

---

Mlango wa Chuma

Maswali mawili mkuu. Mnunuzi wangu anategemea mkopo wa benki, je, itakubali nyumba ya namna hii? Na kuna kampuni imeniahidi kununua haraka kwa taslimu bila ukaguzi, imeniletea mkataba. Nisaini?

---

Tofali la Kona (mleta uzi)

Benki inatuma mthamini wake, na mthamini anaangalia kama nyumba inakalika: paa, maji, choo, jiko, umeme salama, jengo lisilo na hatari ya kuanguka. Ikikosa hayo, nyingi zinakataa, au zinazuia sehemu ya fedha mpaka matengenezo yafanyike. Hapa ndipo ninapokubali ukarabati mmoja mmoja. Kama kinachozuia mkopo ni choo kisichofanya kazi au sanduku la umeme lililoungua, na kukitengeneza ni 2 kati ya ile 100, kitengeneze. Kwa hiyo 2 umefungua mlango kwa wanunuzi wa kuishi, wale wa 65. Muulize mnunuzi benki yake inataka nini hasa kabla hujagusa kitu kingine. Zipo nchi zenye mkopo wa kununua na kutengeneza kwa pamoja, naye aulizie.

Kampuni ya taslimu: usisaini leo. Wako wanaonunua kweli, na kwa mtu mwenye deni linalomkaba au anayehama nchi, kasi yao ina thamani yake. Lakini soma kama mkataba unawaruhusu kumhamishia mtu mwingine haki ya kununua. Ukikuta hivyo, huenda hawana hela; wanaifunga nyumba yako kwa arbuni ndogo kisha wanaitafutia mnunuzi wa bei ya juu, tofauti wanachukua wao. Wengine wanakubali bei nzuri, halafu siku chache kabla ya kukabidhiana, ukiwa umeshafunga mizigo, wanaleta "ukaguzi" na kuishusha. Dai uthibitisho wa fedha, arbuni ya maana isiyorudishwa wakijitoa bila sababu, na tarehe ya mwisho. Mkweli hatakataa.

Mnada ni njia nyingine kwa nyumba mbovu ambayo hakuna anayejua bei yake. Uingereza, kwa mnada wa kawaida, nyundo ikigonga mkataba umefungwa, mnunuzi analipa asilimia 10 papo hapo na mara nyingi anamalizia ndani ya siku 28. Kushusha bei dakika ya mwisho hakuna. Weka bei ya chini kabisa ambayo haitavukwa, na isiwe chini ya ile sakafu ya kiwanja.

---

Mrithi Mkubwa

Wakuu, nimewasomea ndugu zangu uzi huu wote. Mdogo wangu anauliza: nyumba ikiwa na rehani ambayo haijaisha, bado inauzika hivyo hivyo? Tumegundua mzee alikopea.

---

Wino wa Bluu

Inauzika, ila hati haihamishwi mpaka mkopeshaji aachilie. Msimamizi wa mirathi aiandikie benki aombe salio kamili la kulipa deni lote, pamoja na riba na adhabu, kwa tarehe maalumu. Aulize pia kama mkopo ulikuwa na bima ya maisha ya mkopaji, kwa sababu mingi huwa nayo, na hapo deni linaweza kulipwa na bima, lote au sehemu yake. Salio likiwa chini ya bei ya "kama ilivyo", wakili wa mnunuzi analipa benki moja kwa moja kutoka kwenye bei, benki inatoa hati, kinachobaki ndicho cha warithi. Likiwa juu ya bei, msisaini na mnunuzi yeyote kabla ya kukaa na benki. Huwa wanakubali mazungumzo wakiletewa makadirio ya mafundi na ripoti ya mthamini. Nendeni na barua ya usimamizi wa mirathi na cheti cha kifo, nakala zilizothibitishwa.

---

Mrithi Mkubwa

Shukrani sana mkuu. Dada anakwenda benki kesho, mimi namfuata fundi wa pili kwa makadirio. Nitarudi humu tukipata salio.